Sindano moja kabla ya kisu: inamtosha mama kweli?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro mjini. Nakuandikia kuhusu mama yangu mzazi, ana miaka 61. Ana mawe kwenye kifuko cha nyongo, na mwaka huu yamemtesa sana. Akila chochote chenye mafuta, usiku huo nyumba nzima hatulali. Amepangiwa upasuaji wiki ijayo. Ni ule wa kufungua tumbo, siyo wa matundu, kwa sababu hospitali yetu haina vifaa hivyo. Mama pia ana kisukari, anameza vidonge.

Kinachonisumbua ni dawa. Kliniki tuliambiwa mama atachomwa sindano moja ya antibayotiki akiwa thieta, na mambo yakienda vizuri hatapewa nyingine. Nikauliza, hata vidonge vya kwenda navyo nyumbani? Daktari akasema hapana, akafunga faili, akaita mgonjwa mwingine.

Mdogo wangu wa kiume alipasuliwa kidole tumbo miaka ya karibuni. Walikuta kimeshapasuka. Alichomwa sindano siku kadhaa, asubuhi na jioni, na bado mshono ulitoa usaha, tukahangaika kumsafisha kidonda kwa wiki nyingi. Sasa kama kijana mwenye afya alichomwa zote zile na yakamkuta hayo, mama mwenye kisukari atapona kwa sindano moja?

Shemeji yangu ana duka la dawa. Anasema hospitali wanabana matumizi kwa sababu ya bima. Ametuletea Ampiclox, mama ameze kabla ya upasuaji ili mwili uwe tayari, na ameahidi sindano za seftriaksoni za siku saba baada ya kuruhusiwa. Kuna nesi wa mtaani atakuja kumchoma nyumbani. Mama ameanza kapsuli tangu juzi. Baba amekubali, dada yangu mkubwa amekubali. Mimi ndiye niliyesita, na sasa naonekana namfanyia mama ubahili.

Halafu, Daktari, miaka yote mmetufundisha tumalize dozi, tusikatishe antibayotiki njiani. Dozi ya sindano moja ni dozi gani?

Jambo la mwisho. Zamani mama aliwahi kuvimba midomo na kuwashwa mwili mzima baada ya kumeza dawa. Hakumbuki kama ilikuwa penisilini au septrini. Je, lina uzito sasa?

Binti wa Morogoro

Marahaba mwanangu,

Naanza na ulilolitaja mwisho, kwa sababu ndilo la haraka. Ampiclox ni mchanganyiko wa ampisilini na kloksasilini, na zote mbili ni ukoo mmoja na penisilini. Mtu aliyewahi kuvimba midomo kwa dawa asiyoikumbuka hapaswi kupewa kapsuli hizo dukani bila daktari kujua. Mama aache leo. Akivimba midomo, ulimi au macho, akitokwa na vipele mwili mzima, au kifua kikimbana, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Msisubiri siku ya kulazwa ndipo mseme. Rudini hospitali kesho, mkaeleze mambo mawili: kwamba aliwahi kuvimba midomo, na kwamba amemeza Ampiclox, lini na ngapi. Hata kama hazijamdhuru, hiyo nayo ni habari wanayoihitaji. Hakikisheni imeandikwa kwenye faili, na siku ya upasuaji mrudieni mtaalamu wa usingizi mumwambie kwa mdomo. Kama kuna daftari la zamani la zahanati, litafuteni kwenye makabati. Jina la dawa ile likipatikana, litawapunguzia kazi kubwa. Sindano inayotumika sana kwa kinga, sefazolini, ina undugu wa mbali na penisilini, na wengi wenye mzio wa penisilini huivumilia vizuri. Lakini uamuzi huo ni wa timu yake, ikiwa na habari kamili mkononi. Zipo dawa mbadala, kwa mfano klindamisini pamoja na jentamisini.

Sasa tuje kwenye sindano moja. Hofu yako ina msingi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2016 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 11 kati ya kila 100 wanaopasuliwa hupata maambukizi ya kidonda. Utafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2011, uliyakuta kwa karibu robo ya wagonjwa waliofuatiliwa. Kwa hiyo sikulaumu hata kidogo kwa kutaka mama akingwe. Ninachokuomba uone ni kwamba nguvu ya kinga hii iko kwenye saa ya kuitoa. Wingi wa siku hauongezi kitu.

Ngozi ya binadamu, hata ioshwe vipi, haiishiwi bakteria. Kisu kinapopita, baadhi yao huingia kwenye nyama iliyokatwa, na upasuaji ukigusa nyongo au utumbo, wa ndani nao humwagika. Saa hizo chache ndizo za hatari. Dawa ikiwa tayari imeenea kwenye damu na nyama, bakteria wanakutana nayo kabla hawajapata pa kujishikiza. Ikichelewa, damu imeshaganda kwenye kingo za kidonda, mishipa midogo imefungwa, na wao wameshaanza kuzaana mahali ambapo dawa inafika kwa shida. Ni kama chandarua: huchomekwa chini ya godoro kabla mbu hawajaingia.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1961 daktari mpasuaji wa Marekani, John Burke, alilionyesha kwa simbilisi wa maabara: dawa iliyotolewa kabla bakteria hawajaingia ilizuia uvimbe vizuri, na saa kama tatu baada ya kuingia haikusaidia tena. Kwa binadamu, mwaka 1992 zilichapishwa takwimu za wagonjwa 2,847 wa hospitali moja ya Salt Lake City. Waliopata dawa ndani ya saa mbili kabla ya kupasuliwa, walioambukizwa walikuwa asilimia 0.6. Waliochelewa hadi saa kadhaa baada ya kisu, asilimia 3.3. Na hapa ndipo pa kumsomea shemeji yako: waliowahishwa mno, kati ya saa 2 na saa 24 kabla, walifika asilimia 3.8. Kuwahi sana hakukuwasaidia, na yeye anataka kuwahi kwa siku nzima nzima. Mwili hauwekewi akiba ya antibayotiki. Dawa huchujwa na kutoka kwenye mkojo, na siku zote hizo bakteria dhaifu wa ngozini na tumboni wanakufa, wanabaki wale sugu, ndio watakaokuwepo siku ya kisu.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, uliotolewa mwaka 2016, unasema dawa ya kinga itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya ngozi kukatwa, na upasuaji ukiisha, isiendelezwe. Hospitali nyingi hulenga dakika 60. Kwa sefazolini, mtu mzima huchomwa gramu 2 kwenye mshipa, na aliyefikisha kilo 120 hupewa 3. Upasuaji ukivuka saa 4, au damu nyingi ikipotea, anarudishiwa nyingine hapohapo mezani. Haya hayana uhusiano na bima. Mgonjwa anayelipa fedha taslimu katika hospitali kubwa ya Ulaya kwa upasuaji kama wa mama yako anachomwa hivyohivyo.

Kama unadhani ni mambo ya wenzetu tu, angalia jirani. Hospitali ya Thika, Kenya, ilikuwa na mazoea ya kutoa antibayotiki baada ya upasuaji, kama anavyotaka shemeji. Mwaka 2011 walileta utaratibu wa dozi moja kabla ya kisu, na katika wiki chache karibu kila mgonjwa akawa anachomwa kabla. Maambukizi ya juu ya kidonda yakapungua, na gharama ya dawa ikashuka. Wale walioacha kubebeshwa vidonge vya nyumbani hawakuoza vidonda.

Kuhusu kumaliza dozi, swali lako ni zuri, na nafahamu kwa nini limekuchanganya. Mafundisho yale yalihusu mgonjwa: una nimonia, umeandikiwa siku tano, usiache siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka. Pale kuna bakteria waliokwisha kujenga ndani ya mwili. Mama akilala mezani bila maambukizi hana cha kutibiwa. Anachohitaji ni ulinzi wa saa zile, na sindano ile ikishafanya kazi yake hadi mshono kufungwa, dozi imekamilika. Hajakatisha kitu.

Mdogo wako ni habari nyingine kabisa. Kidole tumbo chake kilikuwa kimepasuka, maana yake usaha na uchafu wa utumbo vilishamwagika tumboni kabla daktari hajamgusa. Zile sindano za asubuhi na jioni zilikuwa tiba. Na mshono wa tumbo la namna ile huwa mgumu kupona hata dawa zikiwa sahihi, kwa sababu ulifunguliwa katikati ya uchafu. Hata huko kwenye tiba, siku zinapunguzwa siku hizi: utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba chanzo cha uchafu kikishaondolewa na daktari, takriban siku 4 za antibayotiki zilifanya kazi sawa na siku kama 8.

Kwa hiyo kuna swali moja ninalotaka ulibebe kichwani siku zote mama akiwa wodini. Mtu akija na sindano ya antibayotiki baada ya upasuaji, muulize kwa upole: "Hii ni kinga au ni tiba?" Inawezekana kabisa wakafungua wakakuta kifuko kimevimba, kina usaha, au kimetoboka. Hapo mpango unabadilika, mama ataendelea na dawa siku kadhaa, na wala msipinge kwa sababu mlisoma kwangu kwamba moja inatosha. Lakini jibu likiwa "ni ya kuzuia tu", au "ni kwa sababu ana mpira wa kutoa maji kwenye ubavu", mna haki ya kuomba daktari aelezee. Mwongozo uleule unasema mpira huo peke yake si sababu ya kuendeleza antibayotiki.

Nawe ungetumia ile hamu yako ya kumkinga mama mahali ambapo kweli pana mwanya. Mwanya mkubwa ninaouona mimi kwenye hospitali zetu ni huu: mgonjwa anachomwa wodini saa 12 asubuhi, anapelekwa thieta, anakuta dharura imeingia mbele yake, analala kwenye korido, kisu kinapita saa 5 au saa 6. Kwa sefazolini, ambayo nusu yake huondoka mwilini kwa takriban saa mbili, kinga imeshapungua sana, na kwenye faili imeandikwa "amechomwa". Waulizeni kliniki mapema: sindano atachomewa wodini au thieta? Na foleni ikichelewa, nani atajua kwamba inabidi irudiwe? Mama mwenyewe akifika pale akiwa bado na fahamu zake anaweza kusema, "Mwanangu, sindano ile ya kuzuia maambukizi nimechomwa saa 12." Sentensi hiyo ina faida kuliko kapsuli zote za shemeji.

Na waganga wenyewe wana orodha ya kusomwa kwa sauti kabla ya kisu, ambapo mmoja huuliza kama antibayotiki ya kinga imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita. Orodha hiyo ilijaribiwa kwanza katika hospitali nane duniani, kati ya mwaka 2007 na 2008, na mojawapo ilikuwa Hospitali ya Mtakatifu Francis, Ifakara, mkoani kwenu hukohuko. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, maambukizi ya vidonda yalishuka kutoka asilimia 6.2 hadi 3.4, na vifo kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwa hiyo ukiuliza habari ya dakika 60 huonekani mjuaji. Unauliza jambo ambalo watu wa Morogoro walisaidia kulithibitisha.

Sukari ya mama ningeiweka mbele ya dawa zote. Sukari ikipanda, chembe za ulinzi za damu hulegea na kidonda huchelewa kuziba. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2017 unataka isizidi takriban 11 kwenye kipimo chetu cha milimoli, kabla na baada ya upasuaji, awe mgonjwa ana kisukari au hana. Anzeni kuipima sasa, asubuhi na jioni, mwandike kwenye karatasi muende nayo. Ikisoma 14 au 15 kila siku, waambieni kabla, huenda dawa zikabadilishwa au tarehe ikasogezwa, na kusogezwa huko ni kwa faida yake. Ulizeni pia vidonge vya kisukari avimeze au aviache asubuhi ya kufunga, msijiamulie.

Usiku wa kuamkia upasuaji au asubuhi yake aoge mwili mzima kwa sabuni, kitovu kisisahauliwe. Msimnyoe tumbo kwa wembe. Najua wapo wanaoambiwa waje wamenyolewa kabisa, lakini wembe huacha mikwaruzo midogo ambayo huioni kwa macho, na bakteria hukaa humo. Nywele zikihitaji kutolewa, zipunguzwe kwa mashine, huko huko. Mfungashieni blanketi. Korido ya thieta ina baridi, na mwili ukipoa damu inapungua ngozini. Utafiti wa Vienna wa mwaka 1996, kwa waliopasuliwa utumbo mpana, uliona maambukizi ya asilimia 19 kwa walioachwa wapoe dhidi ya 6 kwa waliowekewa joto.

Mambo haya madogo yakishikwa pamoja yana uzito. Hospitali tano za Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe zilifanya hivyo kati ya 2013 na 2015: kuoga, kuacha wembe, kusafisha ngozi na mikono ipasavyo, nidhamu ya thieta, na antibayotiki kwa wakati wake. Maambukizi ya vidonda yalishuka kutoka asilimia 8.0 hadi 3.8, bila mashine yoyote ya ajabu.

Akirudi nyumbani, mshono uguswe na mikono iliyonawiwa tu. Wageni watakaokuja kumpa pole wakae, wale, wamwombee, lakini asije mmoja akafungua bandeji kutazama. Na tafadhali sana, asitokee mtu wa kufungua kapsuli na kumwagia ule unga juu ya kidonda. Nimekutana na vidonda vya namna hiyo mara nyingi. Unga unakauka, unafanya gamba, usaha unakusanyika chini yake, na anayetazama anaona kidonda kimekauka vizuri.

Zile seftriaksoni za siku saba, zikataeni. Kwanza, mama ana historia ya mzio mkali usiojulikana chanzo, na sindano ya mshipa nyumbani, bila adrenalini wala oksijeni karibu, inaweza kumuua kwenye kochi lake. Pili, zinaweza kumletea kuhara kubaya, maana zinafagia bakteria wa tumboni wanaomlinda. Tatu, Shirika la Afya Duniani limeiweka seftriaksoni kwenye kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu kwa sababu usugu wake unaenea haraka. Mwaka 2019 peke yake, watu wanaokadiriwa kuwa milioni 1.27 walikufa duniani kwa maambukizi yaliyokuwa sugu kwa dawa. Siku mama atakapoihitaji kweli seftriaksoni, nataka imfae.

Kwa shemeji, usimkabili mbele ya baba. Ametoa dawa za dukani kwake kwa mapenzi, na ukimwaibisha atashupaa. Mwombe aje nanyi kliniki kesho, amwulize daktari mwenyewe, na mumpe kazi anayoiweza kuliko nyote: kipimo cha sukari, vijiti vyake, na kuhakikisha vidonge vya kisukari havikatiki. Dada yako naye akikuita bahili, mwonyeshe barua hii.

Maambukizi ya kidonda yanaweza kujitokeza hadi siku 30 baada ya upasuaji, mara nyingi mgonjwa akiwa ameshatoka. Maumivu madogo na wekundu mwembamba kwenye kingo siku za mwanzo si ajabu. Rudini wodini siku hiyohiyo mkiona maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, wekundu unatambaa, mshono una moto, unatoa usaha au maji yenye harufu, au umeachia. Hali kadhalika homa ya nyuzi 38 na kuendelea, kutapika, tumbo kujaa na kuwa gumu, au macho kugeuka ya njano. Msingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki, na msianze kwa shemeji. Chukueni namba ya simu ya wodi kabla hamjaruhusiwa, muiandike nyuma ya kadi hiyo.